Kiapo cha Ubaya Chamfunga Mtu?

Kuapa ni kumwita Mungu awe shahidi. Ndiyo maana Wakristu hukiogopa kiapo, na wafanya vema. Lakini mtu akiisha kuapa kutenda ovu, je, amefungwa? Mfalme Herode alimwapia msichana kumpa lo lote atakaloomba. Kisha, kwa kuona haya mbele ya wageni, akamkata kichwa Yoane Mbatizaji. Kuapa vile kulikuwa kosa. Kukitimiza kiapo kulikuwa kosa kubwa zaidi.

Katika Ujerumani, tangu mwezi wa Agosti 1934, kila askari aliapa kwa jina la Mungu kumtii Adolf Hitler pasipo sharti lo lote. Hakuiapia nchi wala sheria, bali mtu mmoja! Utii wa namna hiyo wampasa Mungu peke yake.

Mwezi wa Aprili 1945 majeshi ya Urusi yaliuzunguka mji wa Berlin. Hitler alikaa katika handaki chini ya ardhi, akiyaamuru majeshi ambayo hayakuwa na nguvu tena. Mwezi wa Machi alikwisha kuagiza madaraja na viwanda vya nchi yake mwenyewe vibomolewe. Juu, katika njia za mji, wazee na watoto walipewa silaha. Askari waliokimbia walinyongwa, nao wengine walitundikwa kibao kifuani ili watu wasome aibu yao. Wakubwa wengi wa jeshi walijua ya kuwa vita vimewashinda, lakini wakasema: Tuliapa. Ni kweli, waliapa. Ila mara nyingi neno hilo lilikuwa maficho ya woga.

Kwa maana alikuwako mkulima wa Austria, Franz Jägerstätter, mtumishi wa sakristia kijijini kwake, baba wa watoto. Alikataa kumpigania Hitler. Hata askofu wake alimshauri aifikiri jamaa yake kwanza, hakugeuka. Alikatwa kichwa tarehe 9 Agosti 1943, na mwaka 2007 Kanisa lilimtangaza Mwenye Heri.

Tarehe 30 Aprili 1945 Hitler alijiua. Tarehe 2 Mei jemadari Weidling, mlinzi wa Berlin, aliwaamuru askari waache kupigana, akiwaambia kwamba Hitler kwa kujiua amewatupa wao waliomwapia uaminifu. Katika siku zile mbili bunduki hazikunyamaza, na watu walizidi kufa kwa ajili ya kiapo ambacho mwenyewe alikuwa maiti.