Injini Ipi, na kwa Safari Gani?



Leo tuongee magari kidogo. Sisi wa Ngara na Biharamulo tunaijua barabara ya Rusumo hadi Lusahunga. Malori ya Rwanda na Burundi yanapanda vile vilima usiku na mchana, na mengi yana pistoni sita zilizopangwa kwenye mstari mmoja. Land Cruiser zenye injini ya 1HZ, dizeli ya lita 4.2, ni hivyo hivyo. Si ajabu basi kijana akipata bodi la gari la kizamani aanze kuota kulifungia "six".

Na ana sababu. Kwenye injini hiyo pistoni ya kwanza hupanda pamoja na ya sita, ya pili na ya tano, ya tatu na ya nne. Mitikisiko inamalizana yenyewe kwa yenyewe, injini inatulia. Ndiyo maana mwaka 2017 Mercedes-Benz waliirudia, baada ya miaka mingi ya kuweka V6 kwenye magari yao ya petroli.

Sasa uchague ipi? 2JZ ya Toyota, lita 3 za petroli, ikiwa na turbo inavuma hadi watu wageuke. B58 ya BMW, iliyotoka 2015, ni ya kisasa zaidi, lakini bila kompyuta yake haiendi popote. 1HZ haina turbo wala mbwembwe, ila mzigo inabeba na mafundi wetu wanaijua.

Fundi mwenye busara haanzi na jina la injini. Anauliza: gari litabeba nini? Litapita wapi? Kisha anapima, maana six ya mstari ni ndefu. Rejeta itakaa wapi? Chesisi itastahimili uzito? Na breki je? Ukiongeza nguvu ukaacha breki za zamani, mteremko wa kwanza utakuumbua, na aliyekaa pembeni yako ataumia pamoja nawe. Tena anadai karatasi za injini, kwa sababu mali ya wizi haigeuki halali kwa kufungwa vizuri.

Vijana, someni 1 Samweli 17:38-39. Sauli alimvika Daudi silaha zake. Zilikuwa nzuri, za mfalme kabisa, lakini hazikuwa za Daudi. Akazivua, akaenda na kombeo lake. Naye Yesu, katika Luka 14:28-30, anatuambia tukae kwanza tuhesabu gharama kabla ya kujenga.

Wangapi kati yetu tunajifungia injini ya mtu mwingine? Rafiki kaoa, nawe unakimbilia ndoa. Mwenzako kaenda seminari au utawani, nawe unataka kanzu au shela. Hayo yote ni mema. Swali ni hili: Mungu amekuumba ubebe mzigo gani, katika njia ipi? Na je, kadiri nguvu zinavyoongezeka, breki zako zipo: sala, kitubio, mtu mzima wa kukuambia ukweli?

Wiki hii kaa dakika 15 mbele ya Ekaristi Takatifu, umuulize Bwana maswali hayo. Usiharakishe jibu.

Tusali: Ee Bwana, uliyeniumba na kunijua, nipe moyo unaofaa safari uliyonipangia, na unyenyekevu wa kuvua kisicho changu. Amina.