Bahari Isiyo na Mwenyewe

Sisi tunaofundisha Kiswahili mbali na pwani tumezoea kuandika ubaoni maneno mawili, kaskazini na kusini, tukachora mshale unaopanda na mwingine unaoshuka, na somo likaisha. Mvuvi wa mwambao huyajua kwa njia nyingine. Kwake yeye kuna kaskazi na kuna kusi, nazo ni pepo kabla ya kuwa pande za dunia. Pepo hizo ndizo zimgawiazo mwaka, zimwambiazo siku ya kutoka na siku ya kukaa.

Aketiye juu ya gati na mshipi mkononi huuona mwaka huo ukipita miguuni pake. Kaskazi huvuma tangu Disemba, au kabla yake kidogo, hadi Machi. Bahari huwa shwari, maji huwa maangavu, na vyombo vidogo huvuka miamba kwenda kutafuta nguru na jodari. Kuanzia Aprili, pamoja na mvua za masika, kusi huingia. Hukaza katika Juni na Julai. Maji huchafuka na kupoa, na mwenye ngalawa hana budi kuvua ndani ya miamba, au kurudi gatini na ndoana yake. Kati ya pepo hizo mbili huja matlai, na bahari hupumua. Juu ya hayo yote kuna mwezi: ukiandama au ukiwa mpevu, maji ya bamvua hujaa na kupwa kwa nguvu, tofauti yake ikikaribia mita 4 mahali pengine, katika siku za maji mafu hayasogei sana.

Msimu mmoja wa kusi tulisimama juu ya gati ya namna hiyo. Kijana mmoja alivuta mshipi wake, akatoa changu asiyezidi kiganja. Mzee aliyeketi karibu naye alimtazama samaki yule, akasema, "Mjukuu wangu, huyo hajapata kuzaa hata mara moja. Mrudishe." Kijana akajibu kwa adabu, "Babu, nisipomchukua mimi, atachukuliwa na mwingine." Mzee akanyamaza; samaki akatiwa kikapuni. Nasi tukaondoka na swali ambalo halijatuacha: je, kijana yule alisema haki?

Hapana shaka maneno yake yana nguvu. Shamba lina mwenyewe, na mkulima ahifadhiye mbegu ajua kwamba yeye ndiye atakayeipanda. Samaki hana alama ya mtu. Amwachaye leo hana ahadi ya kumkuta kesho. Basi, kwa nini mwema apate hasara ili mwenye pupa apate faida?

Lakini lugha yetu yenyewe yatuonya tusiharakishe. Kitu kisicho na mwenyewe si sawa na kitu cha wote. Kilichotupwa njiani hakina mwenyewe, na akiokotaye hamdhulumu mtu. Kisima cha kijiji ni cha wote, na akichafuaye amemdhulumu kila mwenye mtungi. Bahari ni ya namna ya pili, ila ukubwa wake hutufanya tuidhanie kuwa ya namna ya kwanza.

Zamani kosa hilo halikuwa na madhara makubwa, kwa sababu upepo ulikuwa ndiyo sheria. Kusi ilipokaza, miamba ya nje ilipumzika, mvuvi apende asipende. Leo kuna injini zisizongoja upepo, na nyavu za matundu madogo zisizobagua mama na mtoto. Kuna hata baruti, iliyopigwa marufuku nchini Tanzania tangu mwaka 1970, na ambayo kwa miaka mingi baadaye iliendelea kuvunja miamba. Kile ambacho upepo ulikikataza kwa nguvu, sasa yatubidi tujikataze wenyewe. Hapo ndipo maadili yanapoanza, maana asiyeweza kutenda hasifiwi kwa kutotenda.

Pana pingamizi zito zaidi: njaa. Ni rahisi kwa mwalimu mwenye mshahara kumhubiria subira mtu ambaye watoto wake wangojea kitoweo. Jambo hili si geni kwetu tuishio kando ya maziwa. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi upande wake wa Ziwa Tanganyika tangu tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaliane. Lengo ni jema, lakini miezi mitatu ni mirefu kwa mwenye chungu kitupu. Amwambiaye mvuvi angoje, naye ana deni la kuuliza mvuvi atakula nini. Subira ikitakiwa kwa mmoja na faida ikaenda kwa wote, hiyo haiwi subira tena. Ni dhuluma iliyovishwa vazi zuri.

Hata hivyo subira hulipa pale inapogawanywa. Pweza hukua upesi, wala haishi miaka mingi. Jike hutaga mara moja tu, akafa baada ya kuyalinda mayai. Kwa hiyo vijiji kadhaa vya Bahari ya Hindi, huko Bukini tangu mwaka 2004 na baadaye Unguja na Pemba, vimepatana kufunga sehemu ya miamba yao kwa miezi michache, kisha kuifungua siku moja kwa watu wote. Hakuna aachaye peke yake, na hakuna avunaye peke yake.

Twarudi basi kwa kijana wa gatini. Kosa lake, kwa maoni yetu, halikuwa katika yule changu mdogo. Huenda nyumbani kulikuwa na njaa, nasi hatuwezi kumhukumu. Kosa lilikuwa katika neno "mwingine". Alilitamka kana kwamba mwingine huyo ni mgeni asiyejulikana, atokaye mbali. Kumbe mwingine alikuwa ameketi hatua tatu kutoka kwake, na mwingine hatua tatu kutoka kwa huyo, mishipi yao yote ikizama katika maji yale yale. Wangeweza kusemezana. Mzee alianza, akanyamaza mapema mno. Na sisi, tuliofika na maneno mengi, hatukutia hata moja.