Deni la Anayefuata

Mkopo wa masomo usiolipwa humdhulumu mtoto ambaye bado hata hajafika chuoni. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB, iliyoundwa kwa sheria mwaka 1995, hutegemea pia marejesho ya waliosoma jana ili iwakopeshe wanaosoma leo. Kwa hivyo, kijana wa Buxton anayetamani kuingia Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, pale jirani Tudor, huenda anasubiri karo iliyokaliwa na mhitimu mwenye kazi na mshahara. Hata serikali ikilifuta deni hilo, pengo hubaki, na litazibwa kwa kodi ya muuza mahamri na hamali wa bandarini, ambao wengi wao hawakupata kuketi darasa la chuo.

Lakini asiye na kazi si mkaidi. Kumrundikia faini ya shilingi 5,000 kila mwezi na kulipeleka jina lake kwenye orodha ya wasiokopesheka hakumpi ajira. Kunamfungia hata mlango wa kuanzisha biashara ndogo. Haki ni mbili kwa pamoja: mwenye mshahara alipe bila kufuatwa, na anayetafuta kazi apewe muda bila adhabu. Dawa ya deni ni kulipa, na wajibu wa taifa ni kumwezesha mdaiwa kuipata dawa hiyo.