Mkono na Akili katika Kujifunza Kuandika

Karatasi yenye herufi za nukta, ambazo mtoto wa chekechea huzifuatisha kwa penseli, huibua swali la kale la falsafa: je, akili huuongoza mkono, au mkono huifundisha akili? Aristotle aliuita mkono chombo cha vyombo, akaifananisha nao roho. Mwelimishaji Maria Montessori, aliyefungua shule ya watoto ya Casa dei Bambini mjini Roma mwaka 1907, aliwapa watoto herufi za msasa wazipapase kwa vidole kabla ya kuandika. Kwake, mguso ulitangulia kalamu. Katika vyuo vya Kurani vya pwani ya Afrika Mashariki, ubao wa kuandikia nao ulikutanisha jicho, ulimi na mkono katika somo moja.

Kufuatisha nukta, kukata kwa mkasi na kupaka rangi huimarisha misuli midogo ya vidole, huku sauti ya herufi ikifungamana na umbo lake. Hata hivyo, anayefuata mstari uliochorwa na mwingine hujifunza kuiga tu. Uhuru huanza nukta zinapokwisha, mtoto anapoandika jina lake kwenye karatasi tupu.