Asili ya Kitu na Mwenye Kitu

Mwaka 1984 nilimchapa mtoto viboko viwili kwa kosa la kusema kweli. Wakati ule sikujua kwamba ni kweli, lakini hilo halinisaidii sana, kwa kuwa wala sikujisumbua kuuliza. Nalieleza jambo hili kwa sababu ndilo lililonifikisha kwenye swali ambalo tangu nistaafu nimelizungusha kichwani mara nyingi: je, mahali kitu kilikotoka ndiko kunakoamua kitu hicho ni cha nani?

Nilikuwa mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi huko bara. Tulikuwa tukijiandaa kwa Siku ya Wazazi, nikawaagiza watoto wa darasa la saba waandike insha juu ya mavazi yetu ya asili, iliyo bora isomwe mbele ya wageni. Msichana mmoja, ambaye baba yake alikuwa amehamishiwa kwetu kikazi kutoka Tanga, aliandika kuwa kanga si vazi la asili. Bibi yake alimwambia kwamba zamani kanga iliitwa leso, kwamba leso ni neno la Wareno, na kwamba wanawake wa kwanza kuivaa walinunua vitambaa vya mkononi kutoka kwa wafanyabiashara wakaviunga kwa sindano. Akamalizia kwa maneno ambayo sijayasahau: kanga ni mgeni aliyezoea.

Mimi ni mtu wa kizazi kilichosomea ualimu katika miaka iliyofuata Azimio la Arusha la 1967. Tulifundishwa kuisaka kasumba ya kikoloni popote ilipojificha, na sikatai kwamba ilikuwepo na ilistahili kusakwa. Januari 1969 Umoja wa Vijana wa TANU ulianza Operesheni Vijana, kampeni ya kupiga vita minisketi, mawigi, suruali za kubana na dawa za kujichubua. Katika hesabu zetu za siku zile, minisketi ilikuwa ya kwao na kanga ilikuwa yetu, basi, mjadala umefungwa. Sasa hapa kuna mtoto wa miaka kumi na minne anayeniambia kwamba hata hiyo kanga ilikuja na meli! Nilimsimamisha mstarini mbele ya shule nzima, nikamtaka akanushe. Akasema, kwa heshima zote, “Shikamoo mwalimu, lakini bibi ndivyo alivyoniambia.” Nikamchapa. Katika daftari la adhabu nikaandika: kukashifu utamaduni wa taifa.

Mchana ule tulikula ugali wa mahindi ya njano, yale tuliyoyaita yanga, ya msaada kutoka ng'ambo. Hakuna aliyeuliza ugali huo ni wa asili ya wapi.

Baada ya kustaafu nilipata muda wa kusoma mambo ambayo nilikuwa nimeyafundisha. Nikaona kwamba yule bibi wa Tanga alikuwa mwanahistoria kuliko mimi. Neno leso kweli limetokana na Kireno, na hata leo katika Kiswahili cha kwetu leso ni kitambaa cha mkononi, ilhali Mombasa mwanamke akisema leso anamaanisha kanga. Masimulizi ya Pwani yanasema kwamba katika karne ya 19 wanawake waliacha kununua vile vitambaa kimoja kimoja. Walikatiwa sita kwa mkupuo kutoka kwenye gora, wakavikata viwili vya tatu tatu, wakavishona kwa urefu, likapatikana vazi. Wafanyabiashara wakaona kuna soko, wakaagiza nguo pana iliyochapwa tayari. Miongoni mwa zile za mwanzo zilikuwemo zenye madoa meupe kama ya ndege kanga, na jina, inavyosimuliwa, likatoka huko.

Nani aliyezichapa? Viwanda vya Uholanzi na Uingereza, baadaye vya India na Japani. Na yale maneno ya chini, ambayo ndiyo roho ya kanga, husimuliwa kwamba aliyeyaeneza mwanzoni mwa karne ya 20 ni mfanyabiashara wa Mombasa mwenye asili ya Kihindi, Kaderdina Hajee Essak, ambaye nguo zake zilijulikana kwa alama ya Mali ya Abdulla. Maneno yaliandikwa kwanza kwa herufi za Kiarabu, kisha za Kirumi. Kiwanda cha Urafiki, ambacho sisi tulikionea fahari kwa kutupatia kanga za nyumbani, kilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968 kwa msaada wa China. Basi nikawa nahesabu kwa vidole: Mreno, Mholanzi, Mwingereza, Mhindi, Mjapani, Mchina. Na mimi mstarini na kiboko changu, nailinda asili.

Yuko atakayesema, na mimi mwenyewe nilianza kwa kusema hivyo, kwamba ikiwa mambo ni haya basi hatuna chetu. Mahindi ni ya Mexico, muhogo ni wa Amerika ya Kusini, vyote vililetwa Afrika baada ya safari ya Columbus ya 1492. Na jina mahindi linadanganya kwa kuwa linataja Uhindi ambako hayakuanzia. Chakula cha mababu zetu kilikuwa mtama, ulezi na uwele. Lakini kwa kipimo hicho hakuna taifa litakalobaki na nguo mwilini wala chakula sahanini. Mtaliano atanyang'anywa nyanya, Mwingereza atanyang'anywa chai. Kipimo kinachomvua nguo kila mtu hakiwezi kuwa kipimo cha haki.

Ila jibu hilo bado ni jepesi. Kilichonikosesha usingizi ni kitambaa kingine, kilichotangulia kanga, nacho ni merikani. Sayyid Said alifanya mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, na wafanyabiashara wa mji wa Salem, jimbo la Massachusetts, wakaleta Unguja marobota ya pamba nyeupe isiyotiwa rangi. Biashara hiyo ilistawi mpaka ilipovurugwa na vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865. Pamba ya viwanda vya Massachusetts ilitoka majimbo ya kusini. Nani aliyeichuma? Watumwa weusi. Na hapa Unguja, nani aliyevishwa merikani ile ya bei rahisi? Watumwa pia. Mtumwa wa ng'ambo moja ya dunia alikuwa akimvisha mtumwa wa ng'ambo nyingine, wala hakuna kati yao aliyejua jina la mwenzake.

Sasa nauliza, mwanamke wa Unguja aifanye nini nguo yenye asili kama hiyo? Aikatae? Atembee uchi ili dhamiri yake iwe safi? Wanawake wale hawakufanya hivyo. Waliitia rangi wakaivaa nyeusi. Na utumwa ulipofutwa kisheria Unguja mwaka 1897, wengi wao wakajitafutia kanga za rangi rangi, doti nzima, moja ya kujifunga kiunoni na moja ya kujitanda kichwani, kwa maana katika desturi ya mji ule kujifunika kichwa kulikuwa dalili ya uungwana. Wakaifanya nguo iseme kwamba wao si mali ya mtu. Kiwanda cha Uholanzi hakikuitia kanga maana hiyo, na hakikuweza. Walichoweza wenye viwanda ni kuchapa walichoagizwa, na walipokosea ladha ya wanawake wa Pwani mzigo uliwadodea.

Hapo ndipo nilipoona kosa langu lilikuwa kubwa kuliko viboko viwili. Niliposema kanga ni yetu tangu enzi na enzi nilidhani nawaheshimu mama zetu. Kumbe nilikuwa nawafuta. Kitu kilichokuwepo tangu enzi hakikufanywa na mtu. Kimeota tu kama nyasi. Bali kanga ilifanywa, na waliofanya walikuwa wanawake wenye sindano, wengine wametoka utumwani juzi, waliopokea kitambaa cha kufutia jasho wakatoa vazi la kubebea mtoto, la kumwozea binti, la kumfunikia maiti. Yule mtoto aliandika habari zao. Mimi nikamwambia akanushe.

Je, basi asili haina uzito kabisa? Hapana, siwezi kufika huko. Mwaka 1994, mwaka ilipotoka filamu yake ya The Lion King, kampuni ya Disney iliomba kusajili Marekani maneno hakuna matata yawe alama yake ya biashara kwenye fulana, ikakubaliwa mwaka 2003. Habari ilipovuma mwaka 2018, maelfu ya watu walitia sahihi ya kupinga. Huko Uingereza kampuni moja ilijaribu kusajili neno kikoy, kwa tahajia hiyo, mwaka 2006; Wakenya wakapinga, na mwaka 2008 jambo likaachwa. Nilipoyasikia hayo nilisema kwa sauti, mimi peke yangu sebuleni: hiyo ni yetu! Mke wangu akaniuliza nagombana na nani.

Nikalazimika kujiuliza kama nina ndimi mbili. Leso ya Mreno ni yangu kwa kuwa nimeitumia, lakini maneno yangu si ya Mmarekani ingawa naye ameyatumia? Nadhani tofauti ni hii. Wanawake wa Pwani walipochukua leso hawakumzuia Mreno kupenga kamasi. Mwenye kusajili neno la watu hutaka, ndani ya soko lake, mwingine asiuze fulana yenye neno hilo. Hajazuia watu kulitamka, niseme haki. Lakini ameweka komeo kwenye mlango ambao aliukuta wazi. Na nikitazama vizuri, mimi nami mwaka 1984 niliweka komeo. Nilisema yetu, kisha nikamfungia nje mtoto wa Tanga na bibi yake, ambao kanga ilikuwa yao kabla haijafika kwetu bara.

Miaka michache iliyopita nilipita katika shule ile. Nilimwomba mwalimu mkuu wa sasa, kijana mwenye adabu sana, anitafutie madaftari ya zamani. Mchwa walikuwa wamekula mengi, lakini ukurasa ule upo, pamoja na sahihi yangu. Nikamwomba kalamu. Akatabasamu, akasema, “Shikamoo mzee wangu, lakini daftari la serikali halifutwi.” Nikamrudishia daftari lake.