Unene wa Kijana: Kosa ni la Nani?

Katika mitaa yetu, tangu Kirumba mpaka Igoma, mtoto mnene husifiwa. “Amenawiri,” twasema, na mama yake hupongezwa. Sifa hiyo ina asili yake. Wazee wetu waliijua njaa. Tena, baada ya wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini kutambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, watu wa kando ya ziwa walijifunza kuuogopa wembamba, aliyekonda alinong’onwa. Si ajabu basi wazazi wengi kuona unene kuwa ni salama.

Lakini mtoto yule yule akifika miaka 14, sifa hugeuka dhihaka. Huitwa bonge, huambiwa mlafi. Je, kosa ni la nani?

Wako wasemao ni la kijana mwenyewe, kwa kuwa ulafi ni dhambi na kinywa ni chake. Hatukatai kwamba ana hiari. Ila na tuulize hiari hiyo ina upana gani. Ni nani aliyemzoeza kwamba zawadi ya kufaulu mtihani ni chipsi na soda? Chupa moja ya mililita 350 huwa na sukari karibu vijiko vidogo 9. Ni nani aliyemfundisha kudharau dagaa, chakula chenye kujenga mwili kinachovuliwa hapa hapa ziwani, eti ni cha maskini? Shirika la Afya Duniani lashauri vijana wapate walau dakika 60 za kuushughulisha mwili kila siku. Atazipata wapi, ikiwa kiwanja cha mpira kimejengwa fremu za maduka, naye shuleni apelekwa kwa bodaboda na jioni akaa mbele ya televisheni?

Zaidi ya hayo, watoto wawili hula chungu kimoja, mmoja akanenepa na mwenziwe asinenepe, maana maumbile hurithiwa. Kwa hiyo unene si ushahidi wa ulafi, wala wembamba si ushahidi wa kiasi. Anayemhukumu kijana kwa kumtazama tu amehukumu asilolijua.

Hata hivyo, kuondoa lawama si kuondoa wajibu. Kisukari na shinikizo la damu havingoji tumalize kubishana. Kijana ana wajibu wa kuutunza mwili wake. Nasi tuna wajibu mkubwa zaidi, kwa sababu twashika fedha na sufuria. Twapenda kusema, samaki mkunje angali mbichi. Methali hiyo humhusu zaidi mwenye kukunja kuliko samaki.

Na tuanzie karibu. Katika karamu za Kipaimara, badala ya makreti ya soda, na tuweke maji, matunda na samaki wetu. Tuwaachie vijana uwanja wacheze, wavulana na wasichana, nasi wazee tusione haya kutembea nao kwa miguu. Na lile jina la bonge tuliache leo. Halijampunguza mtu uzito hata kidogo. Limemwongezea huzuni tu.