Msiuze Msitu wa Wenyewe

Wajukuu zangu mlioko Guangzhou, China, nyinyi mnaopanga vyumba mtaa wa Xiaobei na kujaza makontena ya nguo na simu, nisikilizeni. Nasikia siku hizi mnaulizwa mbao za mkurungu na mninga. Mnunuzi wa mbao huko anataka gogo jekundu la samani za fahari, na kijana wetu anapiga simu nyumbani: “Nitafutieni mzigo.”

Wanangu, ulizeni kwanza msitu huo ni wa nani.

Kule Kilwa, Tanzania, Sheria ya Misitu ya 2002 iliwapa wanakijiji haki ya kutenga na kusimamia msitu wao. Mwaka 2009 vijiji vya Kikole na Kisangi vikapata cheti cha FSC cha usimamizi bora wa misitu, cha kwanza Afrika kwa msitu wa asili ulio mikononi mwa wanavijiji. Mti wapimwa unene kwa utepe, mwembamba huachwa. Ulioiva hukatwa, gogo likagongwa nyundo ya alama ya uhalali, na fedha zikaingia kijijini. Mpingo hukaa miaka 70 na zaidi kabla ya kuvunwa. Anayeulinda leo anamlindia asiyezaliwa.

Gogo lisilo na nyundo lina kilio nyuma yake.

Njia ya wizi nimeuona mwisho wake. Dalali huja usiku na lori, akaondoka alfajiri. Aliyeshika msumeno hupata hela ya kula siku mbili, na kijiji hubaki na visiki.

Nanyi hamtapona huko mliko. CITES, mkataba wa dunia wa biashara ya viumbe vya porini vilivyo hatarini, uliuweka mkurungu katika orodha yake ya udhibiti mwaka 2019, na mwaka 2022 ukaongeza jamii yote ya mininga ya Afrika. Sheria ya Misitu ya China, inayotumika tangu Julai 2020, inakataza kununua au kusafirisha mbao unazojua ni za wizi. Kontena likikamatwa, jina kwenye karatasi ni lako, mwanangu, si la dalali.

Tokeni mjini siku moja, mkavione vijiji vya Guangdong. Nyuma ya nyumba kuna misitu ya fengshui, ya kukiletea kijiji heri, ambayo wazee wa koo walikataza isikatwe, kama wazee wa Mijikenda, pwani ya Kenya, walivyokataza kukatwa misitu ya kaya zao. Mwenyeji wenu anajua msitu wa wazee ni kitu gani.

Nawasihi, wajukuu zangu, nawasihi tena: uzeni nguo, uzeni simu, uzeni vipuri. Na mkitaka mbao, nendeni kijijini mchana, mkae na kamati ya maliasili, mlipe bei yao. Wakisema hapana, rudini mikono mitupu.